Je, wajua kwa nini njia ya reli ya zamani haimchoshi mwendesha baiskeli?

Mji unapofungua njia ya baiskeli iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani, sherehe huwa ya kila mtu. Wazee waliowahi kufanya kazi stesheni hupewa viti vya mbele, watoto huja na baiskeli zilizofungwa maputo, utepe hukatwa, kisha umati huondoka pamoja kwa magurudumu, bibi sambamba na mjukuu wake. Marekani, Uhispania na New Zealand wameshazizoea siku za namna hii. Mtu wa Molo au Kipkelion, anayeijua milima kwa magoti yake, ana haki ya kuuliza: huyo bibi ataimaliza vipi safari ya kilomita kumi katika nchi ya mabonde?

Jibu liko kwenye gurudumu la treni. Gurudumu la chuma likiwa juu ya reli ya chuma halibonyei, ila pia halishiki sana. Kwenye tambarare kutobonyea huko ni neema, maana nguvu ya kilo tatu hivi yatosha kuvuta tani nzima. Lakini njia ikipanda mita 2 katika kila mita 100, tani ileile inadai kilo 20 zaidi, na mzigo ukizidi magurudumu ya injini huzunguka bure palepale. Kwa hiyo mhandisi wa reli hukubali kuzunguka kilima kizima, kuchimba mkato, kujaza bonde udongo, kujenga daraja au kutoboa handaki, mradi mwinuko usipite asilimia 2 hivi. Kona nazo huzifanya pana, kwa kuwa treni haiwezi kukata kona kali.

Tazama reli yetu wenyewe hapa Kenya. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kutoka Nakuru hupanda kupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Mteremko huo wote, zaidi ya mita 1,300, ilibidi ugawanywe kidogo kidogo kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru na Muhoroni, kwa madaraja marefu ya chuma ambayo mengi yalitengenezwa Marekani. Maelfu ya vibarua, wengi wao kutoka India, waliifanya kazi hiyo, na wengi walikufa katika ujenzi. Ulaini wa njia ya reli umelipiwa kwa jasho na damu, na hilo pekee lanitosha kuuheshimu.

Sasa mweke mwendesha boda kwenye mwinuko wa namna hiyo. Baiskeli yake ni Black Mamba isiyo na gia. Ukijumlisha yeye, abiria na mzigo, ni kilo 160. Akienda kilomita 10 kwa saa, mwinuko wa asilimia 2 unamdai wati 87 hivi za kupandia tu, kazi ambayo mtu mzima mwenye afya aweza kuifanya kwa muda mrefu. Mwinuko wa asilimia 6 unamdai wati 260. Hapo abiria hushuka na baiskeli husukumwa. Aliyewahi kupanda kutoka Mamboleo, Kisumu, kwenda Kiboswa na mkungu wa ndizi kwenye keria hahitaji hesabu yangu.

Kuna maji pia. Tuta la reli huinuliwa juu ya ardhi na kupitishiwa makalvati ili mvua isilibomoe. Vyuma na mataruma yakishang'olewa, hutandazwa changarawe laini na kushindiliwa, madarajani huwekwa kingo, na njia iko tayari. Ile ya Elroy hadi Sparta, jimbo la Wisconsin, ni miongoni mwa za kwanza Marekani: ilifunguliwa miaka ya 1960, ina urefu wa kilomita 51 hivi na mahandaki matatu. Refu zaidi linapita kilomita moja, na ndani yake watu hushuka na kutembea kwa tochi.

Furaha ya siku ya ufunguzi ina sababu nyingine. Reli inapokufa, miji midogo iliyoishi kwa treni hufifia nayo. Huko Otago, New Zealand, reli ilifungwa mwaka 1990. Mwaka 2000 ikazinduliwa njia ya kilomita 152 kutoka Middlemarch hadi Clyde, na hoteli na mikahawa ya vijijini ikapata wateja wapya, kwa sababu mwendesha baiskeli hula, hulala na hununua.

Lakini haya yote huwezekana ardhi ikibaki ukanda mmoja usiokatika. Kipande kimoja kikiuzwa na kujengwa, mwinuko ule laini huishia ukutani. Mwaka 1983 Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu reli isiyotumika itunzwe kama njia ya watu, huku nafasi ya treni kurudi ikihifadhiwa. Sisi tunaijua thamani ya nafasi hiyo: treni ya abiria ilirudi Kisumu mwishoni mwa mwaka 2021, baada ya miaka mingi ya ukimya.

Kwa kuwa reli ya Nakuru hadi Kisumu inatumika, si mahali pa kuendeshea baiskeli. Ila Marekani zipo njia za baiskeli zinazokwenda sambamba na reli hai, zikitenganishwa nayo kwa uzio. Upande wa Miwani na Kibos, karibu na Kisumu, ambako ardhi ni tambarare na watu tayari hutembea kando ya reli kila asubuhi kwenda mjini, njia kama hiyo isingehitaji handaki wala daraja refu. Ingehitaji uzio, changarawe, makalvati, na uamuzi wa kuilinda hifadhi ya reli, yaani ardhi iliyotengwa kando yake, kabla haijajaa vibanda.