Kutatua mlinganyo wa kwadratiki kwa kutafuta kipeuo cha pili

Ipo milinganyo ya kwadratiki isiyohitaji kanuni ndefu wala kutafuta vigawo. Ni ile ambayo x inaonekana mahali pamoja tu, nayo iko kwenye kipeo cha pili, kwa mfano x² = 49. Swali lake ni hili: namba gani ikizidishwa kwa yenyewe inaleta 49? Wengi hujibu 7 na kufunga daftari. Lakini (−7) × (−7) nayo ni 49, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Basi x ni 7 au −7, na kwa ufupi tunaandika x = ±7.

Hapo ndipo maksi nyingi hupotea, kwa hiyo tusipite haraka. Alama √ yenyewe huonyesha kipeuo kisicho hasi: √49 ni 7 tu. Ile ± haikutoka ndani ya √. Imeletwa na mlinganyo, kwa sababu mlinganyo unataka kila namba ambayo mraba wake ni 49, na namba hizo ni mbili. Mwanafunzi aliyeelewa hivi hasahau ± hata asipoikariri.

Kabla ya kutafuta kipeuo, x² ibaki peke yake. Chukua 3x² − 75 = 0. Ongeza 75 pande zote upate 3x² = 75, gawanya kwa 3 upate x² = 25, kisha x = ±5.

Kilichopandishwa kwenye kipeo cha pili si lazima kiwe x tupu. Ukipewa (x − 4)² = 9, usifungue mabano! Naona wengi wakiyafungua kwa mazoea, wakajitengenezea x² − 8x + 16 = 9 na kazi ya nusu ukurasa. Mabano yalikuwa yamekwisha kukurahisishia. Tafuta kipeuo pande zote: x − 4 = ±3. Kwa +3, x ni 7. Kwa −3, x ni 1. Yarudishe majibu kwenye mlinganyo uone: 7 − 4 ni 3, na 1 − 4 ni −3, na mraba wa kila moja ni 9.

Tukirudi kwa x² tupu: kama upande wa pili ni 0, jibu ni moja tu, 0. Kama ni namba hasi, mfano x² = −16, hakuna namba halisi inayofaa. Na x² = 7 ina majibu mawili kama kawaida, ±√7, takriban ±2.65.

Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, aliigawa milinganyo ya namna hii katika mafungu sita, na mraba ulio sawa na namba ni fungu mojawapo. Mraba huo wa kisichojulikana aliuita kwa neno la Kiarabu lile lile lililotupatia sisi "mali". Yeye alichukua majibu chanya peke yake.

Nasi mara nyingine hufanya hivyo, ila kwa sababu inayotoka kwenye swali. Jiwe likiachiwa lidondoke, kwa sekunde t huwa limeshuka takriban mita 5t². Kisima kina mita 20 hadi kwenye maji. Litayafikia baada ya muda gani? 5t² = 20, hivyo t² = 4, na t = ±2. Tunachukua sekunde 2. Ile −2 nayo inatimiza mlinganyo, lakini sekunde mbili kabla ya kuachiwa, jiwe lilikuwa bado mkononi.