Picha zenye ukungu: dhana potofu kuhusu mipangilio ya kamera, na ukweli wake

Kabla hujagusa mpangilio wowote, chukua picha iliyokuharibikia, ikuze mpaka asilimia 100 na uikague. Kama kila kitu kimeburutika kuelekea upande mmoja, na nukta za taa zimegeuka vistari, kamera ilitikisika. Kama ukuta wa nyuma uko wazi lakini mtu mwenyewe, au mkono wake tu, umefifia, basi aliyepigwa picha ndiye aliyesogea. Na kama hakuna kilichoburutika ila masikio yanaonekana vizuri kuliko macho, fokasi iliangukia pasipotakiwa. Haya ni makosa matatu tofauti na hayana dawa moja. Dhana nyingi potofu huanzia hapo: mtu anahangaika kutibu kosa ambalo picha yake haina.

Dhana: Mkono ukitulia, kasi ya shata haina shida

Kasi ya shata ni muda ambao shata, yaani pazia la ndani ya kamera, hubaki wazi kuingiza mwanga. Na hakuna mkono unaotulia kabisa. Mapigo ya moyo, pumzi na kidole kinachobonyeza kitufe vyote huisogeza kamera, na kadiri lenzi inavyovuta mbali ndivyo msogeo huo unavyokuzwa. Kanuni ya zamani ya wapiga picha ni rahisi kukumbuka: kasi ya shata isiwe ya polepole kuliko 1 gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi (namba ya mm iliyoandikwa juu yake). Kwa lenzi ya mm 50, anzia 1/50 ya sekunde; kwa mm 200, anzia 1/200.

Wengi huishia hapo na bado wanapata ukungu, kwa sababu mbili. Kwanza, kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga na kurekodi picha) ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko ile ya fremu kamili yenye ukubwa wa filamu ya mm 35, hukata sehemu ya picha, kwa hiyo urefu wa fokasi lazima uzidishwe kwa 1.5 (kwa Canon ni 1.6). Lenzi ya mm 200 hapo inahitaji angalau 1/320. Pili, kanuni yenyewe ilizaliwa enzi za filamu. Sensa ya megapikseli 24 au zaidi, picha ikikuzwa, hufichua mtikisiko ambao filamu ingeuficha, ndiyo maana ni busara kuzidisha kasi hiyo mara mbili. Lenzi ya 18-55 iliyozumiwa mpaka 55 kwenye APS-C inakuwa salama zaidi kwenye 1/160 kuliko kwenye 1/60 ambayo kamera nyingi hujichagulia. Hii pia inajibu wanaodhani kuwa megapikseli nyingi huleta picha kali zenyewe: zinaleta maelezo zaidi, pamoja na maelezo ya makosa yako.

Dhana: Lenzi ina kizuia mtikisiko, basi inatosha

Kizuia mtikisiko husogeza vioo ndani ya lenzi, au sensa yenyewe, kupinga msogeo wa mikono yako. Kikitajwa kuwa na nguvu ya hatua 3, maana yake ni kwamba kasi inaweza kupunguzwa kwa nusu mara tatu: pale ulipohitaji 1/200, unaweza kujaribu 1/25. Ni msaada mkubwa kwa majengo, mandhari na vitu visivyosogea.

Lakini hakina uwezo wowote juu ya mtu anayesogea mbele yako. Mtu aliyesimama akizungumza anahitaji takribani 1/125. Anayetembea, 1/250. Watoto wanaocheza, 1/500. Mchezo wa mpira, 1/1000, na ndege anayeruka, 1/2000. Namba hizi ni za kuanzia tu: anayekatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia anahitaji kasi kubwa kuliko anayekuja moja kwa moja kwako, na aliyejaza fremu anahitaji zaidi ya aliye mbali.

Jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: kizuia mtikisiko kinahitaji muda mfupi kutulia. Bonyeza kitufe nusu, subiri mpaka taswira iache kuyumba, ndipo ubonyeze mpaka mwisho.

Dhana: ISO iwe chini kila wakati, la sivyo picha itaharibika

ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyoitikia mwanga: ikipanda, picha hung'aa zaidi lakini huja na chenga, yaani vidoadoa. Hofu hii imeharibu picha nyingi kuliko ISO yenyewe. Chukua chumba chenye taa za kawaida: tundu la lenzi liko f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi huingia), ISO 200, na kamera inatoa 1/15. Mtu akigeuza kichwa tu, picha imekwenda. Pandisha ISO mpaka 1600, yaani maradufu mara tatu, na mwanga uleule sasa unakuruhusu 1/125. Umelipa kwa chenga kidogo, umepata uso unaotambulika. Chenga hupunguzwa na programu ya kuhariri, na picha ikipunguzwa ukubwa kwa ajili ya simu hazionekani sana. Uso ulioburutika haurudi. Kati ya hayo mawili, chagua chenga bila kusita.

Wapo wanaopiga picha ya giza makusudi kwa ISO ndogo ili waiangaze baadaye kwenye kompyuta. Hilo haliwaepushi na chenga, kwa sababu chenga hutokana hasa na uhaba wa mwanga ulioingia, na kuangaza baadaye huziinua pamoja na kivuli.

Mpangilio unaofanya kazi kwa watu wengi ni huu. Weka kizungushio cha modi kwenye S (kwenye Canon kimeandikwa Tv), chagua kasi unayoitaka, kisha washa ISO ya kujiendesha na uiwekee kikomo, kwa mfano 6400 kwa kamera ya miaka ya karibuni yenye sensa ya APS-C au kubwa zaidi. Kamera ndogo ya mfukoni, ambayo sensa yake ni ndogo sana, iwekee kikomo cha 800 au 1600. Namba ya tundu ikianza kumetameta, kamera inakwambia mwanga hautoshi hata lenzi ikiwa wazi kabisa: ongeza kikomo cha ISO, sogea kwenye mwanga, au kubali kasi ndogo. Ukipiga kwa JPEG (picha ambayo kamera yenyewe imeshaichakata), angalia pia menyu ya kupunguza chenga. Ikiwekwa juu sana, hulainisha nywele na ngozi mpaka mtu akadhani fokasi imekosewa. Iweke chini.

Dhana: Ukifunga tundu la lenzi mpaka f/22, kila kitu kitakuwa wazi

Ni kweli kwamba tundu dogo huongeza kina cha eneo lililo kwenye fokasi. Lakini mwanga unaopenya kwenye tundu dogo sana hupinda na kusambaa, na picha nzima hulainika. Kwenye sensa ya APS-C ya megapikseli 24, dalili huanza kuonekana karibu na f/11, na kwa f/22 huhitaji kuzitafuta. Tena kuna gharama ya pili: kutoka f/8 hadi f/22 unapoteza hatua tatu za mwanga, kwa hiyo 1/250 inashuka hadi 1/30 na mtikisiko unaingia. Lenzi nyingi hutoa picha kali zaidi kati ya f/5.6 na f/8.

Upande wa pili nao una mtego wake. Lenzi ya mm 85 kwenye sensa ya fremu kamili, ikiwa f/1.8 na mtu yuko mita 2 kutoka kwako, ina kina cha takribani sentimita 6 tu. Mpigaji akiyumba mbele kidogo baada ya kufokasi, macho yameshatoka. Kwa f/4 kina hicho hufika kama sentimita 13. Na kundi la watu waliojipanga safu mbili lipigwe kwa f/5.6 au f/8, fokasi ikiwa kwenye safu ya mbele.

Dhana: Autofokasi inajua unachotaka

Ikiachiwa eneo lote la fremu, autofokasi mara nyingi hukimbilia kitu kilicho karibu zaidi au chenye tofauti kali ya mwanga na giza: tawi la mbele, ua wa waya, vifungo vya shati. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke juu ya jicho lililo karibu nawe. Kamera yako ikiwa na utambuzi wa macho, uwashe.

Kisha chagua modi inayolingana na mwendo. AF-S (kwa Canon, One Shot) hufunga umbali mara moja na kuushikilia. Ni nzuri kwa asiyesogea. AF-C (AI Servo au Servo) huendelea kufuatilia umbali maadamu kitufe kimebonyezwa nusu. Anayekimbia kuja kwako ukimpiga kwa AF-S, atakuwa ameshapita umbali uliofungwa kabla shata haijafunguka. Kumbuka pia kwamba kwenye AF-C kamera nyingi hukubali kupiga hata kama fokasi haijapatikana, kwa hiyo ipe nafasi ya kushika kabla ya kubonyeza.

Lenzi ikienda mbele na nyuma bila kushika, elekeza nukta kwenye ukingo wenye tofauti ya rangi, au rudi nyuma: kila lenzi ina umbali wa chini ambao haiwezi kufokasi chini yake, na kwa kawaida umeandikwa kwenye lenzi yenyewe.

Dhana: Ukichungulia na kuona ukungu, lenzi imeharibika

Kando ya kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo kinachokirekebisha kulingana na macho yako. Kizungushe mpaka maandishi na namba za ndani zisomeke vizuri. Hakibadilishi chochote kwenye picha inayorekodiwa.

Dhana: Kamera ikiwa kwenye tripodi, kazi imekwisha

Kidole chako kwenye kitufe bado kinaitikisa. Tumia taima ya sekunde 2 au rimoti. Kwenye DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi taswira), kioo kinachoinuka ndani ya mwili wa kamera hutetemesha pia, hasa kwa kasi kati ya 1/60 na sekunde 1. Washa chaguo la kuinua kioo mapema, au piga ukitumia skrini ya nyuma. Usiinue nguzo ya kati ya tripodi kama miguu bado haijatandazwa yote, maana nguzo hiyo ndiyo sehemu inayoyumba zaidi, na siku ya upepo funga mkanda wa kamera usipeperuke au uuvue kabisa. Lenzi za zamani zenye kizuia mtikisiko zisizotambua tripodi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuusababisha zenyewe. Kwa lenzi hizo, zima swichi kabla ya kupiga.