"On tenterhooks": Kuwambwa Kwenye Ndoano

Wanafunzi wangu wa tafsiri wakikutana na msemo wa Kiingereza "on tenterhooks" huandika "kusubiri kwa hamu", kisha wanaendelea na sentensi inayofuata. Hapo ndipo ninapowasimamisha. Hamu ina raha ndani yake. Msemo huu hauna. Anayesemwa hivyo ni mzazi aliyekaa nje ya chumba cha upasuaji, au mgombea anayengoja kura zihesabiwe. Roho iko juu, tumbo joto, na hana la kufanya.

Asili yake ni sufu. Uingereza ya zamani, jora la sufu lilipotoka kwa mfumaji lilikuwa bado na mafuta ya kondoo. Lilipelekwa kwenye kinu, likalowekwa na kupondwa pamoja na udongo maalumu, mara nyingine hata mkojo uliochacha, mpaka nyuzi zikashikana. Lilipotoka hapo lilikuwa zito, limelowa chapachapa na limenywea. Ukiliacha likauke hivyohivyo, linapinda: huku pana, huku jembamba. Kwa hiyo liliwambwa, kama ngozi ya ngoma.

Fremu ya kuwambia iliitwa tenter, neno lenye mzizi wa Kilatini wa kuvuta na kukaza. Ilikuwa ndefu, ya mbao, imesimamishwa uwanjani, na ina boriti moja juu na nyingine chini. Kwenye boriti zote mbili walipigilia misumari iliyopinda, yenye ncha kali. Pindo la juu lilichomekwa huku, la chini kule, kisha boriti ya chini ikasogezwa mpaka jora likakaza lote. Misumari hiyo ndiyo tenterhooks. Wengi hudhani ni kulabu za buchani na mateso ya wafungwa. Hapana, ni kazi halali ya mafundi wa nguo.

Mwandishi Daniel Defoe, alipopita karibu na Halifax, kaskazini mwa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 18, aliandika kwamba karibu kila nyumba ilikuwa na tenter, na karibu kila tenter ilikuwa na kitambaa. Fikiria jasho la familia nzima likining'inia nje bila ulinzi. Ndiyo maana, kabla ya siku za Defoe, sheria ya Halifax ilikuwa kali mno: mwizi wa mali ya kuanzia peni 13 na nusu alikatwa kichwa kwa mtambo wa shoka. Wa mwisho waliuawa hivyo mwaka 1650.

Waingereza walianza kusema mtu yuko "on the tenters" muda mrefu kabla ndoano hazijaingia kwenye msemo. Mwaka 1748 Tobias Smollett, katika riwaya yake Roderick Random, akazitaja ndoano zenyewe pamoja na shaka inayomnyima mtu subira. Napenda alivyoiweka shaka hapo, maana ndiyo inayovuta.

Kwa hiyo ukitafsiri, "matumbo joto" au "roho juu" vinafaa kuliko hamu yoyote. "Mkao wa kula" usiuguse: huo ni wa anayejua sahani inakuja. Na ukiandika Kiingereza, andika tenter kwa t. "Tenderhooks" ni kosa linaloenea kwa sababu fremu zimetoweka viwanjani. Viwandani bado zina kizazi chake: mashine ya stenter, inayobana kitambaa kwenye kingo zote mbili na kukipitisha kwenye hewa ya moto kikiwa kimekazwa.