Herufi "m" na usiku wa Noeli

Kila mwaka Majilio, majuma ya kuingojea Noeli, yakikaribia kwisha, kwaya yetu hapa Dar es Salaam huishiwa besi, wale waimbaji wa sauti nzito ya kiume. Wamepanda basi kwenda Moshi. Nabaki na wawili, mmoja anakohoa, na ndio hao wa kuimba nao Utukufu, ule wimbo wa sifa wa Misa, usiku wa mkesha, baada ya kuukosa Jumapili zote za Majilio, maana hauimbwi siku hizo.

Muziki huu ulinishika nikiwa mtoto, nimekaa benchi la nyuma, miguu haifiki chini, sauti ya nne, yaani besi, ikitetemesha ubao niliokalia. Kutunga, hata hivyo, nimefundishwa na aibu. Wimbo wangu wa kwanza wa Noeli ulianza na "Mtoto amezaliwa", na ile "m" niliipa pigo la kwanza, tena ndefu. Mazoezini mzee mmoja wa besi akanyoosha mkono: "Mwalimu, hapa tunaimba m au mu?" Kwaya ikaangua kicheko. Nusu yao walikuwa wamefumba midomo wanavuma kama nyuki, wengine wanaimba "mutoto".

Mzee aligusa penyewe. Katika "mtoto", "m" ni silabi kamili na inadai noti yake. Katika "mwana" haidai kitu. Halafu kuna mkazo, ambao kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: m-TO-to, a-me-za-LI-wa. Ukiusogeza, unaweza kusema jambo jingine kabisa. Barabara ya magari siyo kufanya kazi barabara.

Nyimbo tulizorithi zinatuponza hapo. Chukua "Usiku mtakatifu". Franz Xaver Gruber alipoyatungia muziki maneno yake ya Kijerumani, yaliyoandikwa na Joseph Mohr, mwaka 1818, kule Oberndorf, Austria, neno la kwanza lilikuwa "Stille", lenye mkazo mwanzoni, kwa hiyo wimbo unaanza na pigo zito. Sisi tunaanza na "Usiku". Pigo linaiangukia "u", wakati mkazo uko kwenye "si". Huo naupenda hivyohivyo na sitaki mtu auguse! Lakini anayetunga leo hana kisingizio. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulizifungulia mlango lugha zetu katika liturujia, yaani ibada, mwaka 1963. Tunatunga kwa Kiswahili tangu mwanzo, hatupachiki maneno kwenye wimbo wa watu wengine.

Wimbo wangu niliuandika upya. "M" nikaiweka kwenye noti ya so, fupi, kabla ya pigo la kwanza, kisha "to" ikaruka hadi do ya juu na kukaa hapo. Hakuna aliyeuliza tena.

Kazi iko kwenye "mtu". Silabi mbili tu, na mkazo unaiangukia "m" yenyewe. Hapo hakuna ujanja, ipewe pigo zito. Ubeti wa tatu una neno hilo, na wale besi wangu wawili nimeshawaambia: fumbeni midomo, vumeni.