Fidla na Nyimbo za Kiroho za Wamarekani Weusi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Fidla ni chombo cha Wazungu kilichobandikwa baadaye juu ya nyimbo za watumwa.

Watumwa wenyewe walikuwa wapiga fidla hodari. Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa Louisiana, alipiga fidla kwenye karamu za mabwana na kuyasimulia hayo katika kitabu chake cha 1853. Kilichozitenga fidla na nyimbo za kiroho kilikuwa dini zaidi kuliko rangi, kwa kuwa waumini wengi walikihesabu chombo hicho kuwa cha Ibilisi kwa sababu kiliwachezesha watu ngoma.

Dhana: Mipangilio ya fidla ni nakala tu ya nyimbo za waimbaji wa jukwaani.

Wakati mwingine fidla ndiyo iliyotangulia. Samuel Coleridge-Taylor, mtunzi wa London ambaye baba yake alitoka Sierra Leone na ambaye aliingia chuo cha muziki mwaka 1890 kama mwanafunzi wa fidla, alichapisha mwaka 1905 mkusanyo wa vipande 24 vya piano, kikiwemo cha wimbo wa kiroho «Deep River». Maud Powell, mpiga fidla mweupe wa Marekani, alikihamishia kwenye fidla na kukirekodi mwaka 1911, miaka kadhaa kabla ya Harry T. Burleigh, mwimbaji na mtunzi mweusi wa Marekani, kuchapisha mpangilio wake maarufu wa sauti moja na piano. Clarence Cameron White, mpiga fidla mweusi wa Tennessee aliyesoma kwa Coleridge-Taylor, naye alitoa mwaka 1918 «Bandanna Sketches», vipande vya fidla vya nyimbo za kiroho, na Fritz Kreisler mwenyewe, mpiga fidla mashuhuri wa Austria, alirekodi kipande kimojawapo. Inasikitisha kwamba jina la White halitajwi sana siku hizi.

Dhana: «Goin' Home» ni wimbo wa watumwa.

Sivyo. Ni sauti ya simfonia ya 1893 ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki, iliyotiwa maneno na William Arms Fisher mwaka 1922. Kreisler aliichanganya habari zaidi, maana mpangilio wake wa fidla wa sauti hiyo hiyo aliuita wimbo wa kiroho wa watu weusi.

Dhana: Maneno yakiondoka, mpigaji afuate noti tu.

Wahariri wa «Slave Songs of the United States», mkusanyo wa nyimbo za watumwa wa 1867, walikiri kwamba karatasi haiwezi kubeba miteremko ya sauti walizozisikia. Noti ya tatu na ya saba ya ngazi ya muziki mara nyingi huimbwa katikati ya juu na chini, mahali ambapo piano haifiki lakini kidole cha mpiga fidla hufika, kwa sababu shingo ya fidla haina vikato kama vya gitaa. Kwa hiyo mpigaji ajifunze kwanza kuuimba wimbo pamoja na maneno yake, ajue pumzi inaishia wapi, na abadilishe mwelekeo wa upinde hapo. Sehemu za mwanzo zikipigwa kwenye uzi mnene, hukaribia sauti nzito ya mwanamke. Mtetemo wa kidole usioisha, ambao wengi huuchukulia kuwa ndio hisia, huzifuta zile noti za katikati kabla hazijasikika.