Kodi ya laki na nusu Kibaha sio laki na nusu: dhana za familia changa zinazohama Dar

Wadau, naandika hii nikiwa nimechoka kidogo kwa hiyo mnisamehe mapema. Kazi yangu ni udalali wa nyumba, eneo langu ni Morogoro Road kuanzia Mbezi Mwisho mpaka Mlandizi, na wateja wangu wengi siku hizi ni wanandoa wapya, mtoto mmoja au yuko njiani, wanatoka Sinza, Tabata, Kinondoni, kodi za mjini zimewashinda wanataka kutoka nje wapumue. Wazo ni zuri na ndio linaloniweka mjini mimi. Shida ni kwamba wanakuja wote na maneno yaleyale kama wamesoma darasa moja, na kuna moja nikilisikia tena nadhani nitazima simu.

"Kaka tutafutie ndani ndani huko kodi iwe ndogo kabisa, sisi umbali hautusumbui."

Hili ndilo. Umbali hautusumbui! Mtu anaongea hivyo Jumapili saa nane mchana, ametoka mjini na gari la shemeji, barabara nyeupe, ameingia Picha ya Ndege, mtaa wa hapa Kibaha, anacheka, "kumbe hapa karibu tu." Jumapili kila mahali ni karibu mdogo wangu. Jumatatu hutakuwa na gari la shemeji, na nyumba uliyoichagua kwa sababu ni laki na nusu iko ndani kule ambako mvua ikinyesha hata boda anakwambia shuka hapa braza, mbele siendi.

Tupige hesabu, maana watu hawapendi hesabu mpaka ziwaumize. Namba nazitoa za mfano, wewe weka zako. Tuseme Sinza mnalipa laki nne, vyumba viwili kimoja masta. Kibaha ndani ndani nakupa nyumba kama hiyo, nzuri zaidi pengine, ina uwanja mtoto acheze, kwa 150,000. Mmeokoa 250,000 kwa mwezi, mnashangilia, bibi harusi ameshaanza kuhesabu sofa. Sasa mnafanya kazi wote wawili mjini. Boda kutoka nyumbani mpaka lami 1,500, halafu gari mbili mpaka Posta tuseme 2,200, jumla 3,700 kwenda na 3,700 kurudi. Mmoja 7,400, wawili 14,800, zidisha siku 24 za kazi inakuja 355,200. Mlipokuwa Sinza mlikuwa mnatumia kama 2,800 kwa siku wote wawili, yaani 67,200 kwa mwezi. Toa hapo. Nauli imeongezeka 288,000 na kodi imepungua 250,000, kwa hiyo mmehamia shamba mkalipa zaidi ya mjini, na bado hatujanunua maji.

Hapo ndipo mteja ananiangalia vibaya anasema basi Kibaha hakufai. Hapana! Angalia palipovuja. Chukua nyumba ya aina ileile lakini iwe mnaweza kutembea kwa mguu mpaka kituoni, kodi itapanda, tuseme 180,000. Boda imekufa. Boda peke yake ilikuwa inakula 144,000 kwa mwezi kwenye ile hesabu ya juu. Kwa hiyo umeongeza elfu thelathini kwenye kodi umeondoa laki na arobaini na nne kwenye nauli, na sasa kweli unaokoa kama elfu sabini na sita ukilinganisha na Sinza. Mji ni uleule, umbali mpaka Posta uleule kama kilomita 40, kinachotofautiana ni kile kipande cha kutoka lami mpaka getini, na ndicho ambacho hakuna mtu anauliza. Wanauliza kama kuna vigae. Wanauliza kama jiko lina makabati.

Na najua mnachosema, maana mmeshaniambia usoni: dalali analipwa kodi ya mwezi mmoja ndio maana anasukuma nyumba ya bei ya juu. Sawa, ni kweli nyumba ya 180 inanipa elfu thelathini zaidi ya ile ya 150. Naipata mara moja. Wewe ile laki na arobaini na nne ungeitoa kila mwezi. Tuendelee.

Pesa ni nusu ya habari, nusu nyingine ni saa. Kutoka Kibaha kuwahi kuingia ofisini saa mbili kamili inabidi uwe kituoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, na hapo bado kuna wanaokuzidi ujanja, wale wa kugeuza. Mgeni wa ruti hajui hili: gari linalokuja kushusha mwisho wa kituo linafika limeshajaa watu wanaorudi nalo, wamepandia vituo vya nyuma wakalipa nauli mara mbili ili wapate siti. Wewe umesimama kituoni msafi, umejipulizia, gari linafunguliwa mlango halina hata siti moja. Kwa hiyo na wewe utaanza kugeuza, na nauli ya kugeuza hukuiweka kwenye bajeti. Jioni ni vilevile kwa upande wa pili. Mnafika nyumbani saa mbili usiku mtoto ameshalala, mnatoka hajaamka, wiki nzima anamuona dada wa kazi tu, na dada mwenyewe kama nyumba iko porini hakai, mwezi mmoja anaaga anaenda msibani harudi. Hili la dada watu wanalicheka mpaka liwakute.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huu nautoa bure kwa kila mtu hata asiyekuwa mteja wangu: ukiipenda nyumba usilipe siku hiyo. Njoo Jumatatu. Lala kwa ndugu kama una ndugu huku, lala gesti kama huna, saa kumi na moja alfajiri simama mlangoni pa ile nyumba uende kazini kwako kwa usafiri wa kawaida kama utakavyokuwa unaenda. Mwende wote wawili, sio baba peke yake anarudi anasema ni fresh tu. Na kama inawezekana nyumba itafuteni wakati wa masika, Machi mpaka Mei, ndio mtajua barabara ipi ni barabara na ipi ni mto. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Wateja wengi wanaona huu ushauri ni usumbufu, wanalipa miezi sita siku ileile kwa kuogopa nyumba isichukuliwe, halafu wakikaa miezi mitatu wananipigia nitafute mtu wa kumalizia mkataba wao.

Tupite kwenye mengine haraka.

"Barabara imepanuliwa, foleni imeisha." Imepanuliwa Kimara mpaka Kibaha, njia nane, kilomita 19.2, na kweli kipande hicho kinateleza. Halafu unafika Kimara unaingia barabara ileile ya zamani ambayo katikati ni ya mwendokasi na pembeni mnagombania wengine wote. Foleni imesogea. Anayefaidika ni anayeshuka Kimara akapanda mwendokasi, akikubali ile foleni ya watu.

"Tutanunua kigari, IST tu." Kilomita 40 kwenda 40 kurudi, kwenye foleni tuseme inakula lita sita saba kwa siku, lita ikiwa karibu na elfu tatu hiyo ni elfu ishirini. Mara siku 24 ni 480,000. Sinza mlikuwa mnalipa laki nne.

"Tukae Morogoro kabisa, SGR ipo." SGR ndiyo ile treni ya reli mpya ya kisasa, na wazo hili limeshika kasi tangu ilipoanza Juni 2024. Treni nzuri sana, saa moja na nusu na kidogo umefika Dar, mimi mwenyewe napanda. Lakini nauli ya kawaida Dar–Morogoro ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000, siku 22 inakuwa 572,000 kwa mtu mmoja, na stesheni ya Moro iko Kihonda kwa hiyo ongeza bajaji. Inamfaa mtu anayekwenda ofisini siku moja mbili kwa wiki. Wengine wanataka Soga kwa sababu wamesikia kuna stesheni. Soga iko ndani, haiko kando ya Morogoro Road, na treni ya haraka haisimami kila stesheni, kwa hiyo usinunue kiwanja kwa kuangalia ramani ya reli. Angalia ratiba, uliza treni ya asubuhi inasimama hapo saa ngapi na ya jioni ya mwisho ni ipi.

"Bomba la DAWASA limepita mtaani, maji sio shida." Bomba kupita na maji kutoka ni habari mbili. Inua macho uangalie majirani. Kama kila nyumba ina simtanki kubwa juu ya mnara, mtaa umeshakujibu. Huku kwetu maji yanatoka mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, upande wa Bagamoyo na Tegeta ni Ruvu Chini, na wote tunakunywa mto mmoja, mwaka 2022 kina kiliposhuka tuliingia mgao wote. Ukiambiwa kuna kisima yaonje, usiyaangalie tu. Yapo ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu na chai haina ladha, na mwenye mtoto mchanga atanunua maji ya kunywa kila siku. Na uliza nyumba za ndani boza linaingia au haliingii, maana nyumba nyingine hata ukiwa na hela ya boza gari halipiti.

Luku nayo uliza ni yako peke yako au ya kuchangia. Na usishangae ukinunua umeme ukaona kodi ya jengo imekatwa humo humo, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku, kwa hiyo malizana na mwenye nyumba mapema nani anaibeba.

"Nje ya mji hakuna shule wala hospitali." Hii inaniudhi kwa sababu anayesema hajawahi kushuka Kibaha. Shirika la Elimu Kibaha limeanzia kwenye mradi wa nchi za Nordic miaka ya 1960, Kibaha Sekondari sina haja ya kuieleza, na Tumbi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, wewe uko Sinza ukiumwa unakwenda kukaa foleni Mwananyamala. Kosa linalofanyika ni kuhama nyumba bila kumhamisha mtoto shule. Mtoto wa miaka minne anaamshwa saa kumi usiku, anavalishwa soksi amelala, anapakiwa kwenye gari la shule na chupa ya uji, eti kwa sababu shule ya zamani ina Kiingereza kizuri. Mtafutieni shule mnapohamia. Kama hamuwezi basi msihame mwaka huu.

"Kigamboni ni kisiwa, ukikaa huko umeolewa na pantoni." Daraja lilifunguliwa Aprili 2016. Kuna tozo kwa magari, ndiyo, ingiza kwenye hesabu. Kama kazi yako iko Kurasini, bandarini au Kariakoo, Kigamboni inaweza kukufaa kuliko kwangu huku na nakwambia hivyo ingawa sina nyumba huko ya kukuonyesha.

"Tusipange, tununue kiwanja tujenge taratibu, mkataba wa serikali ya mtaa unatosha." Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia mauziano, hakupi umiliki. Muhuri wake haukuzuii kukuta kiwanja kimeuzwa kwa watu wawili au kwamba kwenye mchoro wa mipango miji umenunua barabara. Nenda halmashauri idara ya ardhi ufanye upekuzi kwa namba ya kiwanja, na kama hakina namba hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Familia changa mimi nawaambia pangeni kwanza mtaa huo huo, kaeni masika moja na kiangazi kimoja, wajueni majirani, ndio mnunue. Wanaonunua kwanza wanakuja kujenga mahali ambapo hawawezi kuishi.

Halafu jamani kuna Kongowe mbili. Moja Kibaha, nyingine kule Mbagala njia ya Kilwa. Juzi mtu ameona tangazo langu la Kongowe akaenda Mbagala, akanipigia kwa hasira niko wapi.

Ukinipigia usianze na "una vyumba viwili masta?" Niambie mnafanya kazi wapi wote wawili, mnaingia saa ngapi, na mchana mtoto anabaki na nani. Vyumba ninavyo, nitakuonyesha, lakini hayo matatu ndio yananiambia kama nikupeleke Kibamba, Maili Moja, Kwa Mathias au nikwambie ukweli kwamba bado Tabata inakutosha.