Kiashiria cha protini: "chanya" kwenye ripoti ya ngozi maana yake nini?

Karatasi ya maabara imeandikwa: "S100 chanya, Melan-A chanya, Ki-67 asilimia 30." Aliyekabidhiwa anafika kwenye neno "chanya" na presha inapanda hapo hapo, kwa sababu kwenye malaria au VVU chanya ni habari mbaya. Hapa mambo ni tofauti: S100, Melan-A na Ki-67 ni protini zinazotafutwa ndani ya seli, na chanya maana yake protini hiyo imeonekana. Hata kile kidoa cheusi ulichonacho shavuni tangu utotoni, kisichomdhuru mtu, kikipimwa Melan-A kitatoka chanya.

Kazi ya kiashiria cha namna hii ni kutaja ukoo wa seli, basi. Habari ya saratani inatoka kwingine: umbo la seli, mpangilio wake, na jinsi zilivyojipenyeza kwenye tishu za jirani.

Kwa nini protini itaje ukoo? Kwa sababu kila seli ina kazi yake, na kazi ina zana zake. Melanosaiti, yaani seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, zina tairosinesi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini. Seli ya msuli haina haja nayo. Melanosaiti ikigeuka saratani, melanoma, tabia inaharibika lakini mara nyingi zana za nyumbani kwao inabaki nazo. Ni msaada mkubwa huo, maana melanoma ni laghai: inaweza kukosa rangi kabisa na chini ya darubini ikafanana na limfoma, saratani ya seli za kinga.

Kipimo chenyewe kinafanyika hivi. Kinyama kilichokatwa kinalowekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, kinagandishwa ndani ya nta, halafu kinachanwa vipande vya mikroni 4 hivi, vyembamba kuliko upana wa chembe nyekundu ya damu. Juu ya kipande inadondoshewa kingamwili iliyotengenezwa ishike protini moja tu. Penye protini hiyo inanasa, na rangi inajitokeza. Rangi inayotumika sana ni ya kahawia, na hapo melanoma inaleta uchokozi, kwani melanini yenyewe ni kahawia! Ndiyo maana kwa uvimbe wa aina hii maabara hutumia rangi nyekundu, au huipausha melanini kwanza.

Sasa mbwa, maana naye hupata melanoma na hupimwa kwa njia hii hii. Kwake melanoma ya ngozi yenye manyoya mara nyingi haina makali. Ya kuogopwa ni ile ya kinywani, na ya kwenye kucha humfuata. Jua haliingii ndani ya kinywa, kwa hiyo ugonjwa huu unafanana na melanoma za watu zisizoletwa na jua: za kinywani na puani. Hata zile za nyayo na chini ya kucha, ambazo ndizo huonekana zaidi kwa watu weusi wanaopata melanoma, jua si chanzo chake kikuu. Bob Marley alikuwa na ya namna hiyo kwenye kidole cha mguu. Iligunduliwa 1977, akafariki 1981.

Lakini kufanana kuna mpaka, na hapa ndipo wengi huteleza. HMB-45 ni kiashiria kinachoaminiwa sana kwa melanoma ya binadamu. Kwa mbwa kinakosa kesi nyingi mno, kwa hiyo jibu "hasi" la HMB-45 kwa mbwa lisikutulize. Wataalamu wa mifugo wakaamua kuchanganya kingamwili nne kwa mkupuo mmoja: Melan-A, PNL2, TRP-1 na TRP-2.

Ukoo nao ukibadilika, viashiria vinabadilika. Saratani ya ngozi inayowaandama watu wenye ualbino Tanzania kwa kawaida si melanoma, ni ya seli za tabaka la juu la ngozi. Melan-A hapo iko kimya, na kinachojibu ni keratini na p40, viashiria vya ukoo huo. Mbwa mweupe mwenye nywele chache tumboni, anayependa kujilaza chali juani, anaweza kupata saratani ya ukoo huo huo.

Ki-67 ndiyo peke yake kwenye ile karatasi isiyohusika na ukoo. Jina limetoka Kiel, mji wa Ujerumani, na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara. Seli inayojiandaa kugawanyika inayo, iliyopumzika haina. Asilimia 30 maana yake karibu seli tatu kati ya kumi zilizohesabiwa zilikuwa mbioni. Kwa melanoma ya kinywani mwa mbwa, hesabu hii husaidia kubashiri kama ugonjwa utakwenda kasi, na mimi ningeiulizia hiyo kabla ya zile chanya mbili.

Kuna na matumizi mengine ya protini hizi za ukoo yaliyonishangaza nilipoyasoma. Marekani kuna chanjo ya mbwa wenye melanoma ya kinywani, Oncept, iliyopewa kibali cha masharti 2007. Ndani yake mna jeni ya tairosinesi ya binadamu. Inafanana na ya mbwa lakini si ile ile, kwa hiyo kinga ya mbwa inaiona ngeni, inaishambulia, na katika kuishambulia inatarajiwa iguse na ile iliyo kwenye uvimbe wake. Inaongeza maisha kwa kiasi gani, madaktari wa mifugo bado wanabishana.